Meza Inayomtuliza Dada Yangu Inaua Picha Zangu

Mama Aikande, shikamoo. Nimesoma safu yako siku nyingi bila kudhani kwamba na mimi nitakuja kukulilia, lakini hapa nilipofika sina wa kumwambia, maana yule ninayemwambiaga kila kitu ndiye niliyemkosea.

Naitwa Restuta, nakaa Ifakara, kazi yangu ni kuchora picha kwenye kitambaa, na nachora pamoja na dada yangu Dorotea, tumbo moja, yeye ndiye mkubwa. Zamani nilikuwa nachora peke yangu. Dada aliolewa Kidatu, shemeji Hilary alikuwa anafanya kazi kwenye mashamba ya miwa, akaugua ghafla akafariki, dada akarudi nyumbani kama mtu aliyezimwa, anakaa mlangoni tangu asubuhi, haongei, ukimpa chakula anakishika tu mpaka kinapoa, na mimi sikujua la kufanya, basi siku moja nikamwambia, "Dada, hebu nijazie hapa kijani, mkono umechoka," akaja akajaza, kesho yake akaja mwenyewe kabla sijamwita, na taratibu akaanza kuongea, akaanza hata kucheka.

Tangu hapo utaratibu wetu ni uleule. Tukishakunywa chai anatandika meza kibarazani, mimi nachora kwa penseli, yeye anajaza rangi, kwanza anga, halafu milima ya Udzungwa, halafu mpunga, mwisho wale ndege weupe, yangeyange, juu ya mpunga, haturuki hatua hata moja, na makopo ya rangi yana mahali pake, ukilisogeza la bluu dada analirudisha bila kusema neno. Picha zinanunuliwa, sitaki kusema uongo, Haidari mwenye duka karibu na soko anazichukua zote. Ila siku moja nimempelekea mpya, akaziweka pembeni ya zile za zamani akacheka, "Restuta, hizi mnachora au mnapiga chapa?" Alikuwa anatania, lakini nilirudi nyumbani nimeinamisha kichwa, kwa sababu nilikuwa najua mwenyewe kwamba siku hizi mkono unachora huku mimi nawaza mboga ya mchana.

Ndipo mama mdogo akaniita kijijini kwake Mofu nikamsaidie kufukuza ndege mpungani, nikabeba kitambaa na rangi zilizobaki, penseli nikaisahau. Kule kinamama wanakimbia huku na huku wanapiga madebe na kupayuka, hakuna anayetulia umchore, na mvua inashuka kutoka milimani, basi nikaanza na rangi moja kwa moja, nikaanza na mdomo wa mama mmoja anayepiga kelele, kijani kikaniishia mpunga nikaufanya mwekundu, matone ya mvua yakaangukia juu yake nikayaacha yachuruzike. Mama mdogo alipoiona akasema, "Huyu si jirani yangu? Mbona kama namsikia!" 

Nikairudisha nyumbani nikaificha chini ya godoro. Nikaanza na uongo, namwambia dada naenda mazoezi ya kwaya kumbe naenda mtoni, au kwa wauza samaki, nachora nimesimama, nikirudi mezani naona kama nimefungwa kamba. Juzi dada alikuwa ameshamaliza anga, bluu ileile, na mimi sijui nini kilinipanda, nikachukua maji machafu ya kuoshea brashi nikayamwaga juu ya kitambaa, nikasema, "Angalau leo itakuwa tofauti!"  Dada akaikunja meza, akaingia ndani. Ananipikia, ananisalimia, lakini hachori tena, amerudi kukaa pale mlangoni kama alipotoka Kidatu, na mimi naogopa. Nirudi kwenye utaratibu wetu nife taratibu, au niendelee na picha zangu nimpoteze dada? Naomba unisaidie.

Restuta, Ifakara

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Nitaanza na pole kwa sababu naona mzigo uliobeba: umekuwa daktari wa dada yako bila mtu kukuuliza kama unaweza, na ulimfaa kweli. Wala si kosa kuchoka. Mkono ukizoea sana huacha kuangalia. Mofu uliangalia, kwa kuwa penseli haikuwepo, kijani kiliisha na mvua haikukupa nafasi ya kukumbuka unavyochoraga kila siku.

Sasa nikugombeze. Ulitaka kuvunja mazoea yako, ukavunja ya mwenzako. Anga uliyoimwagia maji ilikuwa yake, aliichora yeye. Na uongo wa kwaya umeutoa wapi, mtu mzima wewe? Ungemwambia, "Dada, leo natoka," angekuzuia?

Nisingekuwa na jibu la swali hilo, lakini kabla ya kukuandikia nilipiga namba uliyoniachia, nilitaka kukuuliza kama picha ya Mofu bado unayo. Simu uliiacha nyumbani, akapokea Dorotea.

"Restuta katoka," akasema. "Atakuambia yuko kwaya. Kwaya gani hiyo inayomrudisha na rangi mpaka kwenye viwiko?"

 Akaniuliza mimi nani, nikamtajia jina langu tu.

"Wa gazetini? Basi kakuandikia. Nilimwona siku mbili hizi anaandika huku anafuta machozi. Sikuulizi kasema nini. Ile picha ya Mofu niliiona nilipokuwa natandika kitanda. Nilikaa nayo asubuhi nzima, yule mama anapiga kelele nami nacheka peke yangu. Nikangoja anionyeshe. Mpaka leo nangoja."

Nikamuuliza kama amekaa mlangoni kwa ajili ya majonzi ya marehemu.

"Hilary namlilia, sitaacha. Lakini pale mlangoni nakaa kwa sababu ndipo anapopita Restuta akirudi. Meza naweza kuitandika mwenyewe, mama. Yeye ananichukulia kama mgonjwa. Andika na majina yetu, sina aibu."

Umemsikia? Dada yako amepona kuliko unavyodhani. Uongo uliokuwa unamlinda nao ndio unaomuumiza.

Basi fanya hivi. Ukishaweka gazeti hili chini, itoe ile picha umpe mkononi. Umwombe radhi kwa ajili ya anga yake, kwa maneno machache, usianze kujieleza. Meza mwachie yeye. Mwekee kitambaa chake mwenyewe, achore kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na akitaka anga ya bluu kila siku ya Mungu, ni anga yake. Haidari ataamua anunue ya nani.

Wewe toka, ukiaga unapokwenda. Penseli iache nyumbani. Beba rangi chache, tena zisiwe zile unazozipenda. Chora vitu visivyotulia. Anzia pale ulipozoea kumalizia, siku nyingine tumia mkono wa kushoto, na picha ikikupendeza iache kabla hujaiharibu kwa kuisafisha. Zitatoka mbaya nyingi, usizilie. Na usijidanganye kwamba Mofu ni dawa ya milele: ukianza kuchora kinamama wanaopayuka kwa sababu tu Haidari anawataka, utakuwa umejitandikia meza nyingine. Siku hiyo nenda Mngeta, nenda Mkula, au geuza tu kiti kiangalie upande mwingine.

Mara moja, mara moja tu, muulize Dorotea kama anapenda mfuatane. Akikataa, usimbembeleze. Akikubali, mbebee kigoda, mtafutie kivuli, na funga mdomo wako: usimwambie aanze na rangi gani.