Injini ya Nicanor

Kimbo, Ruiru

Shemeji Wilkister,

Dagaa ya omena uliyotutumia imefika ikiwa kavu, na mke wangu Naliaka anakushukuru. Juzi nilipata injini nyingine ya zamani ya mashua kwa muuza vyuma chakavu wa Thika. Sasa ninazo tisa. Nazisugua kutu kwa mafuta, wala sizipaki rangi mpya.

Umeniomba ile ya marehemu mumeo, kaka yangu Nicanor, iliyoopolewa ziwani pamoja naye, ili mwanao Calvince aanze kuvua. Sitaitoa, na ni haki yako kujua sababu.

Kila Jumamosi mimi hutumbukiza rafadha yake, lile panga la kusukuma maji, katika pipa la maji na kuiwasha kidogo, isikwame. Jumamosi iliyopita, saa sita mchana, nilikuwa bado sijatia petroli, na plagi yake nilikuwa nimeing'oa, nimeishika mkononi. Injini ikanguruma. Maji ya pipa yakachafuka, na sauti ya Nicanor ikatoka humo, tulivu kabisa: "Calvince, panda twende."

Naliaka, aliyekuwa akianika nguo, ndiye aliyejibu: "Shemeji, mtoto hayuko hapa. Nenda zako."

Injini ikazimika.

Calvince amenipigia simu kwamba atakuja kuichukua mwezi ujao. Mwambie imepasuka na nimeiuza. Miaka thelathini na minne darasani niliwaadhibu watoto kwa kusema uongo. Huu nakuomba useme, tena bila kusitasita.

Ni mimi shemeji yako,
Okello