Majani ya Mipaini Darini

Marangu, Jumanne

Yote yananuka moshi. Majani ya mipaini ya juu msituni na ya huku chini kwetu, yote sawasawa! Nilitaka kulinganisha mafuta yake kwa utafiti wangu wa shahada, nijue kama baridi ya juu inayabadilisha. Sasa nilinganishe nini, moshi kwa moshi?

Mama aliyakuta kwenye deli, sanduku la barafu nilimoyahifadhi, akayapandisha darini, juu ya moto, anakokaushia mbegu za mahindi.

"Yalishaanza kuloa, mwanangu. Yangeoza."

Nilitaka kupiga kelele. Lakini alikuwa ananitazama, anangoja... Nikamwambia asante, Mama. Akafurahi. Amesema nikileta mengine atayakausha hivyohivyo.

Mengine nitayatoa wapi? Mipaini ya juu imeshakatwa yote, na shahada yangu ilikuwa kwenye lile deli.