Namba Aliyotuma Kimani

Jumatatu, 1 Machi 2004
Madaftari arobaini ya Form Two, makosa yaleyale. Chai ya staffroom imepoa. Saa nne simu ikalia: ujumbe wa Kimani kutoka Kanada. Kama kila Machi, hakuna salamu, namba tu. 1,022,117.

Makubaliano yetu ya tangu chuo, huu mwaka wa tano. Namba ikiwa tasa, yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe, basi bado yuko peke yake, ananingoja. Ikigawanyika, amepata mtu. Nami humjibu kwa namba yangu, kwa kanuni hiyohiyo. Sharti ni penseli, bila kalkuleta. Zile nne zilizopita hazikugawanyika.

Jumanne, 2 Machi
Mbili haiingii, hilo wazi. Tarakimu zikijumlishwa ni kumi na nne, kwa hiyo tatu nayo imeshindwa. Saba imeshindwa. Kumi na moja. Kumi na tatu. Nafuata ile chati ya namba tasa iliyo ukutani darasani, moja baada ya nyingine. Leo nimekomea 211. Namtamani Kimani. Namtamani hadi najichukia.

Alhamisi, 4 Machi
613, imeshindwa. Mwangi wa maabara, Upper Hill, anataka jibu kabla ya Jumapili, aje na wazee wake kwetu Uthiru kuniposa. Mtu mzuri. Hana kosa hata moja, na hilo ndilo linaloniudhi. Mama naye kapiga simu.

"Wewe Wambui, miaka tano! Unangoja mtu ama unangoja simu?"

Nikakata.

Ijumaa, 5 Machi
997 imeshindwa! Chati imeisha. Haigawanyiki! Nimelia chooni, kisha nikacheka. Nikatembea kutoka Ngara mpaka River Road bila haja yoyote, nikanunua njugu, nikala zote. Halafu nikampigia Mwangi, nikamkatalia.

"Ni sawa tu," akasema. "Na vile nilikuwa nimeshanunua suti."

Jumatatu, 8 Machi
Form Two. Nikawaambia wasichana: ukitafuta vigawo vya namba, usikome mpaka ufike kipeuo chake cha pili. Chaki ikanikwama mkononi. Kipeuo cha namba yangu kinapita elfu moja. Chati inaishia kabla ya elfu.

Pembeni mwa ubao nikazidisha 1011 kwa 1011. Nikapata 1,022,121. Inaizidi yangu kwa nne tu. Na nne ni mbili mara mbili. Tofauti ya miraba miwili, mada niliyowafundisha mwenyewe muhula uliopita! Toa mbili, ongeza mbili: 1009 mara 1013. Inagawanyika.

Wasichana wakanakili bila kuuliza.

Kimani hakunificha. Aliiweka pua na mdomo na mraba ili niione siku ileile, nisiteseke. Mwalimu wa hesabu mzima nikashika njia ndefu. Sikutaka kuona. Mpumbavu mkubwa mimi.

Jumapili, 14 Machi
Uthiru. Nimemweleza Mama yote tukimenya minji. Nilidhani atanisuta. Akanisogezea bakuli tu. Mwangi sitampigia, yeye si tairi la akiba.

Jioni nimemwandikia Kimani: hongera. Miaka yote nilimjibu kwa namba yangu. Leo sikutuma. Ningetuma ya kweli, na isingegawanyika.