Mama, Jumamosi Hii Baba Atasema

Mwaka umezunguka tangu utuache, Mama, na bado hatujazoea kukaa sebuleni bila kusikia ukisema, "Haya, geuzeni viti, mgeni wetu anataka kuanza."

Wasiokujua watauliza ni viti gani hivyo. Acha tuwaeleze, wewe utuvumilie tukikosea.

Ulifundisha lugha katika darasa la jioni. Wanafunzi wako walikuwa watu wazima: wauguzi, madereva, mafundi, watu waliotoka mbali na waliohitaji lugha ya hapa ili wapate kazi. Kuandika waliandika vizuri tu. Balaa lilikuwa siku ya kusimama mbele ya wenzao na kueleza jambo kwa mdomo. Mtu ana mvi na wajukuu, lakini akiitwa mbele anatetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Wengine waliacha darasa wiki hiyohiyo na wasirudi, jambo lililokuuma kuliko yote. Ulikuwa ukisema, "Huyu lugha anayo. Kinachomtafuna ni macho ya watu."

Basi ukawaleta nyumbani, na sisi tukawa hadhira, tutake tusitake. Kila mmoja aligeuza kiti chake akatazama ukuta na kuendelea na shughuli yake, huyu akichambua maharage, yule akikunja nguo. Mwanafunzi alizungumza na migongo yetu. Ulipoona sauti yake imetulia, ulimgusa mmoja wetu begani, naye akageuka taratibu. Baadaye kidogo ukamgusa mwingine. Ilikuwa marufuku kumkodolea macho mgeni, na marufuku pia kucheka meno yote nje. "Msimtazame kama mnauza dawa ya meno," ulituonya. Safari ya tatu au ya nne, mtu alijikuta anazungumza na nyuso zetu asijue zimegeuka saa ngapi.

Baba alikuwa wa mwisho kugeuzwa, maana yeye alikuwa na kazi yake. Alikaa dirishani kwenye cherehani na kitambaa chochote mkononi. Mwanafunzi akikwama, Baba alikanyaga cherehani kidogo, trrr, ukimya usije ukamuumbua mtu wa watu. Neno likipatikana, mguu unatulia. Hakuwahi kukosea hata mara moja, na nguo za wateja zilitoka na mishono ya ajabu.

Hukumkatiza mtu kumsahihisha. "Kosa halitoroki," ulisema, "tutalikuta palepale. Mwache kwanza afike mwisho." Sisi wanao tulitamani ungekuwa na subira hiyo tulipovunja vikombe.

Unamkumbuka dereva tuliyempa jina la Bwana Samahani? Kila sentensi yake ilianza na neno hilo. Samahani, mimi ni dereva. Samahani, leo nitaeleza namna ya kubadilisha gurudumu. Shangazi, wifi yako, ambaye hakuwahi kungoja aguswe bega, aligeuka kiti kizima akamuuliza, "Kwani baba, umetukosea nini?" Nyumba nzima ikaangua kicheko, na yeye mwenyewe akacheka mpaka akafuta machozi. Ukasema, "Wifi, umeniharibia somo. Haya, endelea, gurudumu limefika wapi?" Akaendelea, na samahani hatukuisikia tena. Leo hii anafundisha madereva wapya, anasimama mbele yao kila Jumatatu. Alipita hapa kutusalimu akatuambia bado anaanza kwa kutafuta mgongo wa mtu mmoja wa kuzungumza nao.

Na aibu ile ya wakwe wa dada yetu, tuiseme au tuifiche? Tuiseme. Walikuja kujitambulisha, wamevaa wakapendeza, na msemaji wao akasimama akasafisha koo. Sisi sote, kwa mazoea, tukageuza viti tukatazama ukuta. Wewe ulikuwa jikoni. Uliporudi na birika ukakuta wageni wameduwaa na familia yako imewapa migongo kama watu waliosusa. Ulicheka hadi ukaweka birika chini. Baadaye msemaji yule alikiri kwamba hajawahi kuhutubia kwa raha kama siku ile.

Lakini Mama, kuna jambo linalotuelemea, na ndilo lililotufanya tuandike.

Siku tuliyokuzika, Baba aliitwa aseme neno. Alisimama. Alishika kofia yake kwa mikono miwili, akafungua kinywa, akakifunga, akaketi. Watu walimwelewa, hakuna aliyemlaumu. Yeye ndiye aliyeshindwa kujisamehe. Tangu siku hiyo tukikutaja mbele yake anainuka na kwenda kutafuta uzi ambao haujapotea. Tuliogopa kwamba utaondoka kinywani mwake kabisa, na hilo lingekuwa kama kukuzika mara ya pili.

Mwezi huu, tukiwa mezani mchana, akaweka kijiko chini.

"Hii kumbukumbu ya mwaka, nitasema mimi."

Shangazi akasahau kutafuna. Dada akauliza, "Utasema nini, Baba?"

"Nitasema alivyonifundisha."

"Wewe? Ulikuwa darasani kwake lini?"

"Kabla ya darasa lolote," akasema. "Alikuwa analeta nguo kwangu. Nguo nzima, haina hata uzi uliolegea, ananiambia itazame vizuri, fundi. Nami ninaitazama wiki nzima. Siku moja nikataka kumwambia neno, ulimi ukawa jiwe. Akaona. Akageuka akatazama mlango, akaniambia, 'Haya sema, sikutazami.' Nikasema."

"Ukasema nini?"

"Hilo la Jumamosi," akajibu, akachukua kijiko chake.

Kumbe, Mama! Miaka yote ile tukidhani mbinu yako umeisomea chuoni, kumbe mwanafunzi wako wa kwanza alikuwa amekaa dirishani na cherehani chake.

Kwa hiyo tunawaalika ndugu, majirani na wanafunzi wako wote nyumbani kwetu Jumamosi hii, alasiri. Mkifika mtakuta viti vimeelekea ukutani. Ketini hivyohivyo, msishangae. Shangazi amekula kiapo kwamba safari hii atangoja zamu yake, ingawa tumemweka karibu na dada amshike. Kitinda mimba wako atakaa kwenye cherehani, na Baba akikwama atakikanyaga kidogo, mpaka neno lipatikane. Amekuwa akijifunza mguu huo kwa siku kadhaa na ameshaharibu mapazia mawili.

Picha yako pia, Mama, tutaigeuzia ukutani. Hakuna atakayeigusa. Baba ataigeuza mwenyewe, akiwa tayari.

Unakumbukwa na mumeo, fundi wako, wanao, yaani kaka mkubwa, dada, na kitinda mimba, wakwe zako waliozoea migongo yetu, wifi yako asiyejua kungoja, wajukuu, na wote uliowangoja mpaka wakafika mwisho wa sentensi.

Hatutakusahau siku zote za maisha yetu, Mama, na tutakutaja kwa sauti, hadi kiti cha nyuma kisikie.