Moyo Uliouchora Kwenye Karton

Chéri wangu,

na jambo nililotaka kukuambia jana, kabla mtandao haujakatika, ni kwamba darasa letu la kompyuta lilikaribia kufa. Nilianza na habari za mvua na za mama yako kwa sababu niliogopa kulitaja.

Unakumbuka tulivyokaa chini sebuleni baada ya harusi, tukikata karton za zawadi? Shangazi zangu walituletea sufuria, wewe ukafurahia maboksi kuliko sufuria zenyewe! Kila karton uliigeuza clavier, yaani kibodi, ukachora herufi kwa kalamu nyeusi, ili watoto wa mtaa wetu wa Bagira wajifunze kuandika hata kama umeme haupo, na kompyuta yetu ni moja tu. Nilikutazama ukichora, ulimi umeutoa kidogo kama mwanafunzi, nikajiambia: huyu ni wangu, wangu kabisa. Kisha ukachora moyo mwekundu kwenye pembe ya kila karton.

"Na hiyo ya nini?" nikakuuliza.

"Ya kuhifadhi kazi. Mutu akimaliza anafinya hapa, haipotei. Vile nimekuhifadhi weye."

Nilicheka hadi machozi. Watoto nao ukawaambia vivyo hivyo, na kila wakimaliza zoezi walifinya ule moyo kwa nguvu zote.

Halafu kazi ikakuita huko mbali Sange, ukaniachia darasa. Wazazi hawakuniamini. Papa Neema, jirani yetu mshona viatu, alinisimamisha njiani: "Maman, mwalimu ni bwana yako. Akirudi, na batoto batarudi." Wengine wakamfuata. Jumamosi iliyopita alikuja Neema peke yake, na baba yake alikuwa amesema ni mara ya mwisho.

Siku hiyo umeme ulikuwepo. Nikamkalisha mbele ya kompyuta, mara yake ya kwanza, nikamfungulia Word. Aliandika karibu bila kutafuta herufi. Vidole vilijua njia, yote kwa sababu ya karton zako! Alipomaliza akainama, akachungulia clavier pande zote, macho yakajaa machozi.

"Maman, roho iko wapi?"

"Roho gani?"

"Ile nyekundu ya kufinya. Kazi yangu itapotea!"

Mpenzi, sikujua nicheke au nilie naye. Nilimwonyesha namna ya kuhifadhi, tukafunga kila kitu, tukafungua tena. Maneno yake yalikuwa palepale: "Naitwa Neema. Nitafanya kazi ku bureau. Nitaandikia papa kibao ya kazi yake."

Baba yake alikuwa mlangoni, amekuja kumchukua. Akasoma polepole, midomo ikicheza.

"Ni weye umeandika hii?"

"Ndiyo, papa."

"Mwalimu iko Sange, nani alikufundisha?"

"Mwalimu ni huyu hapa."

Akavua kofia. "Maman, Jumamosi nitamuleta na badogo yake. Bale bengine, nitabaambia mimi mwenyewe."

Niligeuka haraka nikuambie, nikakutana na kiti chako kitupu. Furaha bila wewe inanichosha, chéri. Watoto wakiondoka nyumba inanyamaza ghafla. Bado napika chakula cha watu wawili katika zile sufuria mpya, nakula upande wangu wa meza, upande wako naupangusa tu. Kisha nachukua karton ya kwanza uliyoichora na kufinya ule moyo, usije ukapotea. Naam, mimi mwalimu mwenyewe, ninayejua kwamba haufanyi kitu. Nafinya. Wekundu wake umeanza kufifia.

Kwa hiyo nisubiri. Watoto wanarudi na karton hazitatosha. Kabla mwezi huu haujaisha nitashuka Sange na karton mpya kwapani. Herufi nitakuwa nimezichora mimi. Mioyo nakuachia wewe.

Mke wako, ambaye bado ni mpya kama sufuria zake