Kwa Mama Nionyeshe: Majoho Yameshonwa Milango Ikiwa Wazi

Mwaka umetimia, Mama, tangu ututoke asubuhi ile ya Jumanne, na leo hatukuja kulia. Tumekuja kukupa habari. Ila kwanza, acha wasiokujua wakujue.

Ulikuwa afisa manunuzi wa chuo kikuu kwa miaka ishirini na sita. Karatasi, sabuni, vitanda vya mabweni, makoti ya maabara, vyote vilipita mikononi mwako. Wauzaji walikubandika jina la Mama Nionyeshe, maana hukuridhika na sampuli iliyoletwa mezani. "Nionyeshe inapotengenezwa," ulisema, huku umeshachukua mkoba. Hata nyumbani hatukupona. Baba alikuwa akisema ukitumwa ufagio, utarudi nao jioni ukiwa unaujua ukoo mzima wa aliyeufunga.

Utani uliisha mwaka ule mkuu wako wa idara alipokwenda likizo, na zabuni ya majoho ya mahafali ikaangukia kwako. Mzabuni alikuwa rafiki yake wa siku nyingi, aliyekuwa akikiletea chuo majoho kila mwaka. Ulipoomba kuiona karakana, alicheka.

"Mama, unanunua nguo au unanunua jengo?"

"Nanunua nguo. Twende."

Ulikuta wanawake kumi na wanne wakishona ghorofa ya tatu, mlango umetiwa kufuli kwa nje, marobota ya vitambaa yamejaa ngazini. Ulimuuliza msimamizi, moto ukiwaka watatokea wapi? Akajibu kwamba haujawahi kuwaka. Basi ukaketi pale pale juu ya robota, ukamwambia huondoki mpaka wao watoke. Ulikaa saa mbili na nusu. Kufuli lilipofunguliwa, walitoka wakijipepea kwa viganja, na wa kwanza ukampa chupa yako ya maji.

Ulirudi ofisini ukakataa kusaini. Mkuu wako alipotoka likizo akakuhamishia ghala la samani mbovu, chini kabisa ya jengo la utawala. Sisi tulikasirika, wewe ulisema, "Huko meza ni nyingi. Nitaandika." Ukaandika mwaka mzima kanuni ya kurasa tatu: chuo kisinunue kitu bila kwenda kuona kinakotengenezwa na hali ya wanaokitengeneza.

Watu walikuona jasiri. Sisi tuliiona asubuhi ya kikao cha baraza la chuo, vifungo vya blauzi vilipokushinda mpaka dada yetu mkubwa akakufunga. Mkuu wa idara aliwaambia wajumbe kwamba kanuni yako itachelewesha kazi. Hukubishana naye. Ulimwita fundi mmoja wa karakana ile, aliyekuwa amefukuzwa kwa kuzungumza nawe.

"Majoho mliyovaa mwaka juzi niliyashona mimi," alisema. "Nilikuwa na mimba ya miezi minane, nimefungiwa. Tungeungua mimi na mwanangu, nanyi mngevaa tu, bila kujua."

Zilipopigwa kura, mikono yote ilipanda isipokuwa mmoja. Ukarudishwa kwenye meza yako, na ukastaafu ukiwa hapo, kichwa juu.

Sasa habari yenyewe. Wale kumi na wanne wamefungua karakana yao, ya chini, yenye milango miwili, na mwaka huu majoho yote ya mahafali wameyashona wao. Chuo kikawaalika pamoja nasi, kikawaketisha nyuma yetu. Wahitimu walipoanza kupita, yule fundi alimgusa Baba begani.

"Lile ni langu, mzee. Na lile. Na lile la yule mrefu, mabega yake yalinitoa jasho."

Kisha mshereheshaji akatamka jina lako. Mafundi wakapiga vigelegele mpaka wahitimu wakasimama kwenye mstari, wakageuka kutazama. Na Baba, ambaye hata siku ya harusi yenu hakucheza, tulimkuta amesimama juu ya kiti, anapiga makofi mikono ikiwa juu ya kichwa.

Unakumbukwa na mumeo, ambaye goti linamuuma tangu siku hiyo lakini hataki pole, na wanao wanne, wakwe zako, wajukuu sita, na wa saba yu njiani, dada zako, wifi yako mliyegombana na kupatana kila wiki, na mafundi kumi na wanne walioomba waandikwe hapa kama ndugu.

Ulishinda, Mama. Maadamu tupo, utatajwa.