Uso Wako Kwenye Kadi

Tata Nyambura,

Nyahururu kuko aje, na lile goti bado linakusumbua? Kabla hujaendelea, geuza kadi umwangalie huyo msichana aliyechorwa. Ni wewe, shangazi yangu! Nimekujua kwa mwanya wa meno. Mvua ilininyeshea hapa Thika, nikaingia duka la zawadi karibu na maporomoko ya Chania nijikaushe, nikakukuta umepangwa hapo na twiga na simba.

Ulituambia yule mchoraji alikuchora ukichuma kahawa kule Ruiru, gunia kiunoni na gambuti za baba yako miguuni. Sasa gambuti ziko wapi? Amezitoa, akakujaza shanga shingo nzima kama mtu anaenda kuchezea wageni ngoma! Na mikono iliyotulipia karo ameificha nyuma ya mgongo. Jina lake ameliandika chini, kubwa. Lako hakuna.

Na mchoraji mwenyewe alikuwa hapo hapo dukani, mzee mzima, anakunywa chai. Nikamuuliza, "Huyu ni nani?"

"Huyo? Ni urembo tu. Urembo hauhitaji jina."

Ngai! Siku tatu ulisimama kwa jua akuchore, ukakosa kibarua siku zote tatu, halafu hata jina hakumbuki!

Nikatoa biro, nikaandika NYAMBURA juu ya jina lake. Akapiga kelele kwamba nimeiharibu kadi, sasa hakuna mtu atainunua.

Ndivyo nilivyotaka, nikailipia mwenyewe. Iweke pale sebuleni, Tata, na upumzishe hiyo mikono.

Mtoto wako,
Wanjiku